Msiniagize dawa, niagizeni kitu kingine

Sisi huku Schaerbeek tu wazima, tunapigwa na mvua ya Brussels ambayo hainyeshi ikaisha wala haikatiki, ipo ipo tu. Mtaa wa rue de Brabant umejaa watu na mabegi kama kawaida, hata Jumapili. Na watu wakianza kununua mabegi ya likizo, simu nazo zinaanza kuingia. Ndiyo maana leo naandika.

Kila akijulikana mtu wa huku anayekuja nyumbani, mimi napokea orodha. Dawa ya presha ya mama mdogo. Dawa ya sukari. Ile ya magoti ya baba mkubwa. Na kila orodha ina maneno yale yale: tuletee zile za kweli, za Ulaya, huku wanachakachua. Jibu langu ni hapana. Nimelisema kwa simu mpaka wengine wameona nimeshakuwa mzungu, nina roho mbaya. Haya jamani, wacha niliandike mara moja msome wote, anayetaka kubishana tubishane baada ya hapo.

Wengi mnajua nafanya kazi kwenye kiwanda cha dawa nje kidogo ya mji, na mnaniambia "wewe uko jikoni kabisa, unashindwaje kututolea sahani?" Lakini mimi sipiki. Mimi nasoma makaratasi. Najua mtacheka, mtu kavuka bahari kwenda kusoma makaratasi, lakini ngojeni.

Kila bechi, yaani mzigo mmoja wa dawa uliotengenezwa pamoja, una faili lake. Nani alipima unga, kwa mizani ipi, mizani hiyo ilikaguliwa lini, na nani alisimama pembeni akashuhudia na kutia sahihi. Mashine ilianza saa ngapi, ikasimama saa ngapi, ilisimama kwa nini. Ukikosea kuandika huruhusiwi kufuta wala kupaka ule wino mweupe. Unapiga mstari mmoja ili lililokuwapo liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi, unaweka sahihi na tarehe. Kabla mashine haijaanza dawa nyingine inasafishwa, na watu wanainama na tochi kutafuta kama kuna kidonge cha jana kimejificha pembeni. Zile karatasi za maelezo ndani ya boksi, ambazo nyie mnazitupa kabla hamjazisoma, zinahesabiwa: zimetoka stoo ngapi, zimeingia kwenye maboksi ngapi, zimechanika ngapi. Hesabu isipofunga, mzigo hauondoki.

Kuna wakati hesabu ya karatasi haikufunga. Karatasi chache tu, wala si dawa! Mzigo mzima ulikaa siku nne mpaka zikapatikana nyuma ya kifuniko cha mashine. Mwenzangu mmoja mgeni kazini akauliza, sasa karatasi zina ubaya gani? Ubaya ni kwamba karatasi iliyopotea leo inaweza kuchomoka kesho ikaingia kwenye boksi la dawa nyingine, na mama mmoja mahali fulani akasoma kipimo kisicho chake.

Na mwisho wa mlolongo wote huo yupo mtu mmoja. Tangu mwaka 1975 sheria za Jumuiya ya Ulaya zinataka kila mtengenezaji awe na mtu mwenye dhamana, na bila sahihi yake bechi haitoki mlangoni. Hapa Ubelgiji mtu huyo ni mfamasia. Mkurugenzi anaweza kupiga kelele anavyotaka, mteja anaweza kuwa anasubiri, yule mfamasia asipotia sahihi mzigo unalala. Ikigundulika baadaye kwamba alitia sahihi macho yamefumba, anajibu yeye kwa jina lake.

Sasa mtu ataniuliza, makaratasi yote ya nini, si mpime dawa tu mjue nzuri au mbaya? Swali zuri sana hilo, na ndilo lililonifungua macho mimi mwenyewe nilipoanza. Ukishakipima kidonge umekiharibu. Umekisaga, umekiyeyusha, kimekwisha. Bechi inaweza kuwa na vidonge laki kadhaa, na maabara inapima vichache mno. Vile vinavyobaki, ambavyo ndivyo mgonjwa atavimeza, hakuna aliyepima hata kimoja! Ni kama pilau ya harusi. Mpishi anaonja kijiko kimoja, na kijiko kile kinasema kweli ikiwa tu sufuria lilikorogwa sawasawa na kila kilichoingia kinajulikana. Kama kuna mtu alipita usiku akatia kitu upande wa pili wa sufuria, kijiko cha mpishi hakitakwambia. Kwa hiyo unavimeza vilivyobaki kwa kuamini kwamba vyote vilipita njia moja, na ushahidi wa njia hiyo ni lile faili ninalosoma mimi.

Nikishasema hivyo nasikia mnasema: si ndiyo hayo, Ulaya wako makini, basi tuletee! Subirini.

Mwezi Julai 2018 nchi nyingi za Ulaya zilianza kuondoa madukani dawa za presha zenye valsartani. Unga wenyewe ulikuwa unatengenezwa Uchina, na kiwanda kilibadilisha namna ya kuutengeneza mwaka 2012. Mabadiliko yale yakazaa uchafu uitwao NDMA, ambao unahofiwa kusababisha saratani. Maabara zilikuwa zinapima valsartani na kuikuta valsartani, hakuna aliyekuwa akitafuta uchafu huo, kwa hiyo haukuonekana kwa miaka. Hiyo ndiyo dawa ya Ulaya mnayoniagiza, boksi zuri, maandishi ya Kifaransa, unga wa Uchina. Na msidhani nawasema Wachina au Wahindi. Sehemu kubwa ya dawa zinazomezwa hapa Brussels zina unga wa kutoka huko huko zinakotoka zenu. Tofauti ilionekana baada ya kosa kujulikana: ilijulikana unga uliingia kwenye bechi zipi, bechi zipi zilipelekwa nchi gani, zikafuatwa.

Na kabla ya hapo, hapa hapa Brussels, kuna habari ambayo mkiisikia hamtaniambia tena kwamba Ulaya peke yake inatosha. Miaka ya mwanzo ya 1990 kulikuwa na kliniki ya kupunguza unene iliyowapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea uliotakiwa kwa Kichina unaitwa fangji. Uliofika ni guang fangji. Majina yanakaribiana kama ndugu, mimea haihusiani kabisa, na huu wa pili ni wa jamii ya Aristolochia, ambayo inaua figo. Madaktari wa hapa walianza kuona wanawake wenye umri mdogo figo zinakufa bila sababu, wakaandika habari zake mwaka 1993. Waathirika walizidi 100. Wengi waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kuwekewa figo ya mtu mwingine, na mwaka 2000 ikaandikwa kwamba kati ya wagonjwa 39 walioondolewa figo na mirija yake, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. Hawa walikuwa watu wa mjini, wana bima, wanatibiwa na daktari kwenye makao makuu ya Ulaya. Gunia lilifika na jina, na jina likaaminiwa.

Kwa hiyo ninaposema ubora wa dawa sizungumzii Ulaya na Afrika. Nazungumzia kama mtu anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kidonge kilicho mkononi mwako mpaka kwenye gunia, na kila hatua akute jina la mtu na tarehe. Pakikatika mahali, hujui unameza nini, uwe Brussels uwe Tanga.

Pakikatika inakuwaje? Waulizeni ndugu zetu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Kuanzia Desemba 2014 mpaka Agosti 2015 watu zaidi ya 1000 walifika kwenye vituo vya afya shingo zimepinda, nyuso zimekakamaa, ulimi unatoka nje. Mwanzoni walidhaniwa wana homa ya uti wa mgongo. Madaktari Wasio na Mipaka walipochunguza wakakuta wagonjwa wamemeza vidonge vya manjano vilivyoandikwa diazepamu. Vikapelekwa maabara, diazepamu hamna! Ndani kulikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, na ni nyingi. Zilikuwa kwenye makopo ya vidonge 1000. Mnayajua makopo hayo. Muuzaji anafungua, anahesabu kwa kijiko, anakutilia kwenye kibahasha cha karatasi, anaandika 1x3, kwaheri. Ukishatoka na kibahasha kile nani atakwambia bechi gani, kiwanda gani, inaisha lini? Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2015, lakini tahadhari inataja jina na namba zilizoandikwa kwenye kopo, na kopo limebaki kwa muuzaji.

Kitu kimoja kinanikaa rohoni kila nikifikiria habari hii. Haloperidoli ilivumbuliwa hapa Ubelgiji, mwaka 1958, kwenye maabara ya Paul Janssen. Hapa wanajivunia, na wana haki, iliwatoa watu wengi kwenye minyororo ya hospitali za vichaa. Maabara yake hiyo hiyo ndiyo iliyotutolea mebendazoli ya minyoo, ambayo nadhani hakuna mtoto wa kwetu ambaye hajaitafuna. Dawa nzuri kabisa, lakini ndani ya kopo lenye jina la dawa nyingine imekuwa sumu.

Turudi nyumbani, maana najua mnasubiri nianze kuiponda Tanzania. Siiponde. Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba mamlaka yetu ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA, imefika ngazi ya 3 kati ya 4 za usimamizi, na tulikuwa nchi ya kwanza Afrika kufika hapo. Mwaka uliofuata, 2019, ikawa TMDA. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wakaguzi wetu wana yale masanduku ya maabara ndogo yaliyobuniwa Ujerumani, wanapima dawa papo hapo mipakani na mikoani. Mwaka 2003 Ruvuma ilianza mpango wa maduka ya dawa muhimu, kuondoa yale ya dawa baridi ambako muuzaji alikuwa yeyote aliyepatikana. Mwaka 2012 zilipokutwa ARV bandia katika hospitali ya wilaya ya Tarime, zenye jina la TT-VIR 30, habari ilitangazwa hadharani na bechi ile ikaondolewa kwa namba yake. Na Aprili 2024, Nigeria iliposema imekuta sumu kwenye bechi moja ya Benylin ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini, nchi kadhaa ikiwemo Tanzania, Kenya na Rwanda zilianza kuirudisha. Kampuni yenyewe ilisema vipimo vyake havikuona sumu hiyo, hayo ni yao wabishane. Mimi naangalia kitu kimoja: mama aliyekuwa na chupa yenye lebo aliweza kuigeuza akasoma namba. Aliyemiminiwa nusu chupa kwenye kichupa kingine alibaki kuomba Mungu.

Kwa hiyo serikali inafanya kazi yake kwa kiasi, halafu sisi tunaukata mnyororo dukani kwa mkasi. Ndiyo, kwa mkasi! Unakwenda dukani unataka vidonge vinne, muuzaji anachukua lile karatasi la kubonyeza, anakata kipande. Mara nyingi namba ya bechi na tarehe ya kuisha vimechapwa ukingoni upande mmoja tu. Nani kapata upande huo? Mteja wa jana.

Sasa hapa nataka kuwa mkweli, maana ni rahisi kuongea hivi nikiwa Schaerbeek ambako bima inanirudishia sehemu kubwa ya bei. Mtu ananunua vidonge vinne kwa sababu ana hela ya vidonge vinne. Nimwambie anunue boksi zima? Atanicheka, na atakuwa na haki. Kwa hiyo simlaumu mnunuzi na wala simlaumu sana muuzaji. Nawalaumu wanaochapa namba mahali pamoja tu, wakati wanajua fika dawa hii itauzwa nchi ambazo inakatwa. Kuchapa namba na tarehe nyuma ya kila kidonge kunawezekana, viwanda vingine vinafanya, na gharama yake nikiiona kutoka ninapokaa mimi si ya kumfilisi mtu. Hili TMDA ilidai, kila dawa inayosajiliwa. Huo ndio ugomvi ambao ningependa tuugombane, kuliko huu wa begi la nani lina nafasi.

Na sasa begi. Duka la dawa ninalokwenda liko jirani na place Liedts, lina ule msalaba wa kijani unaowaka. Tangu tarehe 9 Februari 2019, maboksi ya dawa za kuandikiwa na daktari katika Umoja wa Ulaya yana mraba mdogo wa alama na kizibo kinachoonyesha kama limefunguliwa. Mfamasia analipitisha boksi kwenye mashine, mashine inauliza kwenye orodha, boksi hili ni la kweli? limeshauzwa? Likiuzwa linafutwa kwenye orodha. Nikitoka nalo nje, nikarudi baada ya dakika tano sijalifungua, hawezi kuliuza kwa mtu mwingine. Analipokea, analitia kwenye kasha la dawa za kuchomwa moto. Tafakarini hilo. Boksi lililokaa mfukoni mwangu dakika tano hapa hawaliamini tena, halafu nyie mnataka lililopita sebuleni kwangu wiki mbili, likalala kwenye begi uwanja wa ndege, likasafiri Dar mpaka Tanga juani kwenye buti la gari, wakati limeandikwa lisikae kwenye joto.

Halafu karatasi ya maelezo ina Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Mama mdogo ataisoma ipi? Ile valsartani ilipoharibika, wafamasia wa huku waliwajua wateja wao. Aliyeko Chumbageni na boksi lililoletwa na mtoto wa jirani nani angempigia simu? Na dawa zikiisha mwezi wa tatu, mgeni mwingine anakuja mwezi wa saba, presha inamsubiri nani? Daktari wa Bombo anampangia dawa akiijua, anajua inapatikana, anajua ya kumbadilishia ikimdhuru. Mimi simjui daktari wake wala yeye hanijui.

Hata wakubwa wameshakatazana jambo hili. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya misaada ya dawa, na mojawapo ya mambo yaliyomo ni kwamba dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa ikarudishwa isipelekwe msaada nchi nyingine. Kuna watu wema huku, wengine wa kanisani, bado wananiletea mifuko ya dawa za marehemu bibi zao, "peleka kwenu Afrika". Nawashukuru, naipeleka mifuko kwa yule mfamasia wa msalaba wa kijani.

Ninachoweza kufanya nafanya. Hela ya kununua boksi zima, tena kwenye duka lenye mfamasia, nitatuma, na si kwa mama mdogo peke yake. Mkinunua, boksi lisitupwe mpaka dawa iishe. Kama mnakatiwa, ombeni kipande chenye namba, au mpige picha boksi kwa simu kabla hamjaondoka dukani, muuzaji akikataa kupigwa picha boksi lake basi ondokeni. Vidonge vikibadilika rangi au umbo kutoka mwezi uliopita, ulizeni kabla ya kumeza. Na mtu akidhurika na dawa, msiishie kusimuliana kwenye WhatsApp, mrudisheni kituo cha afya na boksi lake, waambieni waandike taarifa TMDA. Yule wa Tarime na wale wa Ituri walijulikana kwa sababu kuna mtu aliandika.

Orodha za viatu, chokoleti na simu zilizotumika bado napokea, ila viatu mniandikie namba za Ulaya, maana mwaka jana nilibeba jozi tatu hakuna mguu ulioingia. Kwa leo niishie hapa, kesho zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuna faili la kurasa mia mbili linanisubiri. Nisalimieni wote.